Kibao kilitangulia, hodi ikasahauliwa

Bibi mmoja wa Muleba alirudi kutoka Misa ya Jumapili akakuta shamba lake linauzwa.

Hakuambiwa na mtu. Alikuta kipande cha bati kimepigiliwa misumari miwili kwenye mparachichi ulio kando ya barabara, mti alioupanda marehemu mumewe. Maandishi yalikuwa ya rangi ya bluu, herufi kubwa zilizonyooka vizuri. Macho ya bibi hayasomi tena vitu vya mbali, hivyo akamwambia mjukuu wake wa darasa la tatu amsomee. Mtoto akasoma kwa sauti kama wanavyofundishwa darasani: "Shamba linauzwa. Ekari mbili. Linagusa lami. Halina mgogoro. Piga simu." Akasoma na tarakimu zote kumi, moja moja. Alipomaliza akamgeukia bibi yake akauliza, "Bibi, sisi tunahamia wapi?"

Majirani walimshauri akingʼoe, mmoja akaja kabisa na panga. Bibi akamzuia. Alimtuma mjukuu jikoni alete kipande cha mkaa, akamshikia kigoda apande, kisha akamwambia aandike chini ya namba ya simu: "Mwenyewe yupo ndani. Piga hodi." Mtoto akaandika, herufi zikipanda na kushuka, na bati likamwishia kabla ya neno la mwisho, kwa hiyo hodi ikaandikwa kwenye gome la mti.

Kufikia jioni abiria wa kosta za Bukoba walikuwa wanakisoma wakicheka. Kesho yake picha ilikuwa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na usiku ikamfikia mwenye ile namba ya simu.

Mwenye namba ni dalali wa nyumba na viwanja, mkazi wa Kashai, Bukoba mjini, mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu. Jina lake linahifadhiwa, na la bibi pia, kwa sababu kila mmoja bado anaishi na majirani walewale.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika vibao vya watu wengine. Saluni za Kashai, mabucha ya Hamugembe, mama lishe wa karibu na stendi, wote walimjua kwa mkono wake mzuri. Halafu wakaanza kuja watu wenye maneno mafupi: kiwanja kinauzwa, nyumba inapangishwa, piga simu. Alilipwa elfu chache kwa kila bati. Baadaye akagundua kwamba aliyemtuma kuandika alipata asilimia kumi ya bei, naye alibaki na rangi kwenye kucha. Akaanza kuweka namba yake mwenyewe.

Udalali wa namna hii hauhitaji ofisi. Mthamini wa ardhi na majengo anasajiliwa na bodi yake chini ya sheria ya mwaka 2016. Wakili akikosea ana mahali pa kushtakiwa na kunyangʼanywa kazi. Dalali wa kibao anaanza na brashi, kopo la rangi na laini ya simu, na kinachomwongoza baada ya hapo ni dhamiri yake na ada za shule za watoto wake. Mara nyingi ada huzungumza kwa sauti kubwa zaidi.

Vibao vya kuanzia Rwamishenye hadi Kemondo, Muhutwe na kuendelea Muleba vina lugha yao, na yeye aliijua lugha hiyo kuliko wengi. "Dakika tano kutoka lami" ni dakika tano za pikipiki, tena siku isiyo na tope. "Umeme upo" maana yake nguzo inaonekana, hata kama iko ngʼambo ya barabara. "Hati ipo" huweza kuwa karatasi ya mauziziano iliyopigwa mhuri wa serikali ya mtaa, wala si hati inayotoka kwa Msajili. "Linagusa lami" ndiyo hatari zaidi, kwa sababu chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Anayenunua kipande kinachogusa lami huenda amenunua mahali ambapo siku moja atakuta alama ya X nyekundu ukutani kwake.

Na maneno "hakina mgogoro" nayo yana walakini. Mgeni akibisha mlangoni kwako usiku akasema, "Fungua, mimi si mwizi," utafungua haraka au utauliza maswali zaidi? Kiwanja kisicho na mgogoro hakihitaji kujitetea kwenye bati. Dalali huyu aliyaandika maneno hayo mara nyingi mno bila kuuliza chochote. Mwenye mali alisema, naye akaandika. Alijiambia kwamba yeye ni mkono tu.

Walikuwapo wateja wa bondeni karibu na mto Kanoni. Viwanja vya bondeni huonyeshwa kiangazi, Juni au Julai, nyasi zimekauka na ardhi ngumu chini ya kiatu. Mnunuzi wa Julai hukutana na mto mwezi Aprili, akiwa sebuleni kwake. Dalali hakudanganya kuhusu mto. Hakuutaja tu.

Na yupo mwalimu mmoja mstaafu. Septemba 10, 2016, siku ya Jumamosi, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Miaka iliyofuata, Bukoba ilijaa mafundi wa kuziba nyufa. Wengine waliziba kwa nondo na zege. Wengine walipaka plasta na rangi mpya, wakatundika kibao cha "nyumba nzuri inauzwa". Mwalimu alinunua moja ya nyumba hizo kwa kiinua mgongo chake. Siku ya kuiangalia, nyuma ya kabati la vyombo kulikuwa na ufa unaoingia kidole. Dalali aliujua. Mwenye nyumba alikuwa amemwomba asimwambie mteja asogeze kabati, na hakumwambia. Mvua za kwanza zilipoonyesha kilichokuwa nyuma ya kabati, mwalimu hakupiga kelele wala hakwenda polisi. Walikuwa wanasali kanisa moja. Kila Jumapili alimpa mkono wa amani kama kawaida, akamuuliza watoto wanaendeleaje na masomo. Dalali alianza kuhudhuria ibada ya asubuhi sana ili wasikutane.

Huyo ndiye mtu aliyepanda kosta Jumanne kwenda Muleba, akiwa na hasira. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Kuharibu tangazo la mtu ni kuharibu biashara ya mtu. Kumchekesha mtu mkoa mzima ni kumvunjia heshima. Tena yeye hakujituma. Aliyempa kazi ni mtoto wa kwanza wa bibi huyohuyo, anayeishi Mwanza, aliyemwambia kwa simu kwamba baba alifariki miaka minne iliyopita, familia yote imekubaliana, na nyumba haina mtu.

Alipofika kwenye mparachichi aliyasoma maandishi ya mkaa. Hapo hapakuwa na jinsi. Akaingia uani, akasema hodi.

Bibi alitoka akijifunga kanga vizuri. Dalali akamsalimia Kihaya, "Shumalamu, mae," na hasira ikapungua hapohapo, maana si rahisi kumsalimia mtu hivyo halafu ukamgombeza. Akakaribishwa kiti. Ikaletwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, ile iliyochemshwa na kukaushwa, mgeni akanyoosha mikono miwili kupokea. Anayetafuna kahawa ya mtu hukaa kidogo kabla ya kusema alichokuja nacho. Bibi akamuuliza kwao ni wapi, ukoo wake upi, mama yake mzima? Akajibu yote. Kisha bibi akauliza swali moja tu la kibao.

"Siku ile ulipokuja kupigilia, ulipiga hodi, mwanangu?"

"Hapana, mae. Kijana wako aliniambia hapa hapakai mtu."

"Na nguo zilizokuwa kwenye kamba, ulidhani za nani?"

Dalali akakumbuka. Aliziona. Kanga mbili, na sketi ya shule ya mtoto mdogo ikimwaga maji, kwa hiyo ilikuwa imefuliwa asubuhi ileile. Aliitazama sketi ile, akachagua mti, akapiga misumari. Hapo hakuwa na wa kumsingizia. Mwenye mali alisema hapana mtu, lakini macho yake mwenyewe yalikuwa yamemwambia mtu yupo.

Bibi akainuka, akamwonyesha njia katikati ya migomba. Kwa Wahaya kibanja si eneo tupu la kupimwa kwa hatua. Ni nyumba, migomba, mibuni iliyopandwa chini ya kivuli chake, na ni makaburi. Akamwonyesha la mumewe, lililosakafiwa. La baba mkwe, lenye mawe tu. Na jingine dogo karibu na shina la mbuni, la mtoto aliyefariki na miezi mitano, ambaye hata yule wa Mwanza hakuwahi kumwona. "Kwenye bati lako umeandika ekari mbili," alisema. "Hawa umewaweka kwenye ekari ipi?"

Baada ya hapo wakampigia simu kijana, kwa simu ya dalali, wakaweka sauti kubwa. Kwanza alisema mama hakuelewa. Kisha akasema alitaka kumweleza mteja akishapatikana. Mwisho akanyamaza, na kwenye ukimya huo mama yake akamuuliza, "Una shida gani, mwanangu?" Ikatoka. Alikopa mkopo wa kausha damu ili kunusuru duka lake, duka likafa, riba ikabaki hai. Wadai walikuwa wamefika hadi kwa mkewe. Aliona aibu kumwambia mama. Ikawa rahisi kwake kuitangazia barabara nzima kuliko kuinua simu na kumwambia mtu mmoja.

Hapa ndipo vibao vya barabarani vinapaswa kusomwa upya. Tumezoea kuviona kama biashara kati ya muuzaji na mgeni. Lakini vingi ni mazungumzo ya familia yaliyoshindikana ndani yakatolewa nje. Hata yale maandishi makubwa ukutani, "NYUMBA HII HAIUZWI", ambayo yapo kila mji wa Tanzania, mara nyingi hayamlengi tapeli wa mbali. Yanamlenga kaka, mjomba, mume, au mtoto wa kwanza. Mke anayaandika akijua kwamba mwenzake ameshaonekana na dalali. Wadogo wanayaandika wakijua kwamba mkubwa wao ameomba nakala ya hati.

Kijana wa Mwanza aliamini mila iko upande wake. Yeye ndiye musika, mrithi mkuu. Na kweli, kanuni za mila za urithi zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, kwa Tangazo Na. 436, zilimpa mtoto wa kiume wa kwanza nafasi ya mbele, zikamweka mjane katika uangalizi wa watoto wake. Lakini hata musika hauzi mali ya marehemu kwa neno lake peke yake. Panahitajika msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mahakama huuliza muhtasari wa kikao cha familia. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ihusishwe katika kuhamisha haki ya kimila. Na kama mume na mke wako hai wote, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoenea kwenye kipande cha bati. Ndiyo maana bati huandika "halina mgogoro" na kuishia hapo.

Muleba ina kumbukumbu yake katika jambo hili, na ni kumbukumbu inayofundishwa katika vyuo vya sheria. Mwaka 1988 mwanamke aliyeitwa Holaria Pastory aliuza kwa shilingi 300,000 ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kuwa kwa mila za Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikageuza uamuzi huo, naye akakata rufaa. Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Ukoo haukufungiwa mlango. Uliweza kukomboa ardhi kwa kurudisha bei, kama ilivyokuwa pale mwanamume alipouza.

Tangu hapo watu wengi wameikumbuka kesi ile kama ruhusa ya kuuza. Lakini ina upande wa pili. Anayetambuliwa kuwa anaweza kuuza ametambuliwa pia kuwa ni mtu wa kuulizwa. Mwanamke aliyeambiwa zamani "huwezi kuuza" hawezi leo kuambiwa kwa kitendo "huwezi kukataa". Kibao kikipigiliwa bila hodi, kinamrudisha palepale alipotolewa na Mahakama Kuu.

Bibi hakuyasema kwa lugha ya mahakama. Siku ya kikao, watoto wote wanne walipokuja kwa Krismasi kama ilivyo desturi ya watu wa Kagera walio mbali, binti anayeishi Karagwe alianza kwa ukali, akitaka kaka yake aombe radhi mbele ya ukoo. Mama akamkatiza. "Mimi sikuandika kwamba shamba haliuzwi," alisema. "Niliandika kwamba mwenyewe yupo."

Sentensi hiyo ilibadilisha kikao. Wote walikuwa wamekuja kujadili kuuza au kutouza. Sasa wakajadili deni. Likawekwa mezani lote, pamoja na riba. Mama ndiye aliyekumbusha kwamba mume wake aliacha miti ya mikaratusi na misindano kwenye rweya, kule kwenye nyasi juu ya kijiji, na kwamba miti ile imefika umri wa mbao. Ikauzwa miti, si ardhi. Haikumaliza deni lote, na ndugu wakagawana lililobaki kwa mafungu yaliyowauma kila mmoja. Kijana hakupongezwa. Lakini alirudi Mwanza akiwa na ndugu, na wenye mirathi kama hizi wanajua kwamba si wote wanaorudi nao. Kabla ya kuondoka waliandika muhtasari, wakamchagua binti wa Karagwe awe msimamizi wa mirathi, wakapanga siku ya kwenda mahakamani. Jambo lililolala miaka minne likaamshwa na bati.

Na dalali? Alipoteza asilimia kumi ambayo ingelipa ada ya mwaka mzima ya binti yake. Mkewe hakufurahi, na hana kosa. Ada haipungui kwa sababu mtu amepata dhamiri. Siku ile ya Jumanne alingʼoa bati lake mwenyewe, bibi akimshikia kigoda kilekile. Alilipeleka nyumbani Kashai, na liko ukutani sehemu anapochanganyia rangi, pamoja na maandishi ya mkaa yaliyofifia. Neno hodi lilibaki Muleba, kwenye gome.

Tangu hapo ana utaratibu, na haujamtajirisha. Hatundiki kibao bila kuingia ndani ya nyumba. Anauliza nani analala hapa, nani amezikwa hapa, na nani asiyejua kwamba mimi nimekuja. Swali la tatu ndilo linalowafukuza wauzaji. Wengine huishia hapo, na wiki inayofuata yeye hupita njiani akakuta kibao cha mwenzake kimepigiliwa mahali palepale, kwa mwandiko mbaya. Haandiki tena "hakina mgogoro". Huandika vipimo, na jina la kijiji au mtaa. Viwanja vya bondeni huwaonyesha wateja alama ya maji kwenye kuta za jirani. Majirani wa pande zote nne huwasalimia mbele ya mnunuzi, kwa sababu jirani akisalimiwa husema mengi ambayo muuzaji ameyasahau.

Kwa mnunuzi, mafunzo ni yaleyale. Kibao ni mwaliko tu wa kuuliza. Kama ardhi imesajiliwa, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kama ni ya kijiji, nenda ofisi ya kijiji. Kama ni ya marehemu, omba kuona barua ya usimamizi wa mirathi. Kama muuzaji ana mke, au mume, kaa naye mzungumze, wala usiridhike na sahihi iliyoletwa kwenye karatasi. Sogeza kabati. Na ukiona nguo kwenye kamba, piga hodi, hata kama umeambiwa hapana mtu.

Kwa familia, somo ni fupi zaidi. Mwenye shida aiseme ndani kabla ya kuiandika nje. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Aibu ya kijana wa Mwanza mbele ya mama yake ilidumu jioni moja. Aibu ya bati ingedumu hadi kwa mjukuu aliyelisoma.

Lilibaki jambo moja. Mwezi Februari, dalali aliuza nyumba ya Hamugembe iliyokuwa na kila kitu sawa, akapata fedha yake halali. Jumapili hakwenda ibada ya asubuhi sana. Alikwenda ya pili, akakaa karibu na mlango, na baada ya ibada akamsubiri mwalimu mstaafu nje. Wakaongozana hadi kwenye ile nyumba. Dalali akasimama mbele ya ukuta ambao kabati lilikuwa limeegemea, akasema, "Shikamoo tena, mwalimu. Ufa huu niliujua kabla hujanunua." Akatoa bahasha yenye ujira alioupata siku ile, ili uende kwenye nondo na saruji.

Mwalimu hakumkumbatia wala hakumlaani. Alikaa mezani, akavaa miwani, akazihesabu noti mara mbili. Kisha akachana karatasi kwenye daftari, akaandika tarehe, kiasi na sababu ya malipo, akatia sahihi, akampa risiti.

"Soma," alimwambia. "Kama nimekosea maelezo, niambie sasa."

Dalali akasoma. Hayakuwa na kosa.